Akina mama wa Dodoma ORS tunaijua, shida tunaitaka ifunge tumbo

Mama Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wanajukwaa.

Mvua zikishaanza huku kwetu na maembe yakijaa barabarani, habari ya bombani na kliniki inakuwa hiyo hiyo: mtoto wa fulani anaharisha, mtoto wa fulani kalazwa. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mtaa wangu ni Nkuhungu, na kabla ya kuhamia mjini nilikuwa kijijini wilaya ya Chamwino. Kuna jambo naliona kila ninapopita majumbani ila sijaona likiandikwa humu.

Wakubwa wakija kwenye mikutano wanasema akina mama hawana elimu. Jamani, elimu wanayo. Muulize mama yeyote mwenye mtoto mgongoni, atakutajia ORS, ile dawa ya unga ya kukoroga na maji, kabla hujamaliza swali. Chumvi na sukari atakuambia alifundishwa tangu shuleni. Wengine pakiti iko ndani, imechomekwa kwenye kadi ya kliniki. Sasa ukirudi nyumba ile ile siku mtoto anaumwa, unakuta amepewa kikombe kimoja asubuhi, kimeachwa, na mama yuko duka la dawa anatafuta "ya kufunga".

Ukimuuliza mbona umeacha, jibu ni moja: "Nilimpa, hakuacha kuharisha."

Hapo ndipo penye shida yenyewe. ORS haikutengenezwa kufunga tumbo. Mtoto akiharisha maji, mara nyingi ni virusi au wadudu wengine ambao mwili utawaondoa wenyewe ndani ya siku chache, na kuharisha kutaendelea siku hizo hata ukimpa ORS. Kinachomuua si ule uchafu unaotoka, ni maji na chumvi za mwili zinazotoka nao. ORS inarudisha vile vilivyopotea. Kwa hiyo mtoto anaweza kuharisha mara sita leo na dawa ikawa imefanya kazi vizuri kabisa, kwa sababu jioni bado anacheza, anakojoa, macho hayajaingia ndani. Hicho ndicho cha kupima. Sisi tunapima nepi.

Halafu kuna lile la kumnyima. "Ukimpa maji anaharisha zaidi, mwache tumbo lipumzike." Nimelisikia kwa mama wa darasa la saba na kwa mama mwenye digrii ya UDOM, sawasawa. Utumbo wa mtoto anayeharisha bado unaweza kunyonya maji, sharti yaende pamoja na chumvi na sukari kidogo: sukari inaishika chumvi mkono na kuivusha ukuta wa utumbo, maji yanafuata nyuma. Ndiyo sababu maji matupu hayatoshi, na wale wanaokoroga glukosi ya kopo peke yake wanaacha nusu ya dawa dukani. Soda na juisi za paketi ndiyo kabisa msimpe. Sukari ikizidi inavuta maji kutoka mwilini kuyaingiza tumboni, unaongeza kuharisha.

Kipimo. Pakiti nyingi ni za lita moja, lakini zipo ndogo, soma kwenye karatasi yake. Ukikoroga pakiti ya lita kwenye kikombe umempa mtoto maji ya chumvi kali, ukiikoroga kwenye ndoo umempa maji tu. Kwa asiye na chupa yenye namba, chupa mbili za bia za nusu lita zinatimiza lita (msiniulize za nani). Ikishakorogwa haichemshwi tena, na ikifika saa 24 mwaga, koroga nyingine.

Kama pakiti hakuna: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe kwa kisu, visiwe vya kilima. Wengi wanakosea hapo. Sukari wanabana kwa sababu ni ghali, chumvi wanatia kijiko kizima kwa sababu ni rahisi, matokeo yake ni kinyume cha kinachotakiwa. Onja kwanza wewe. Yakizidi machozi kwa chumvi, mwaga.

Kiasi: chini ya miaka miwili, robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, yaani mililita 50 hadi 100. Mkubwa kidogo, nusu kikombe hadi kikombe. Kwa kijiko au kwa kikombe, polepole. Akitapika subiri dakika kumi, anza tena taratibu zaidi. Ziwa haliachwi hata siku moja, na chakula vilevile.

Zahanati kimbia kama amelegea hashtuki, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, macho yameingia, utosi umebonyea, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole, au kuna damu kwenye choo. Usingoje pakiti iishe.

Nawasilisha.

---

Kijana wa Bahi

Dada, umesema kweli tupu, lakini umewasahau wanaoamua. Mke wangu alikuwa anafuata hayo yote, mama yangu mzazi akamnyang'anya kikombe mkononi. "Unamjaza maji mtoto, unataka apasuke?" Mke angefanyaje, abishane na mkwe? Nikitoka kazini nakuta mtoto midomo imekauka na nyumba imegawanyika pande mbili. Hizi semina zenu fanyeni na bibi zetu pia. Na sisi baba.

---

Muuza Dawa Majengo

Nipo upande wa pili wa kaunta, niseme ninachokiona. Mama akija kwangu hasemi "mtoto anaharisha nisaidie". Anasema "nipe Flagyl ya maji", yaani antibayotiki. Nikimwambia chukua ORS na vidonge vya zinki anaona namdharau au namtafutia mzigo usiotoka. ORS ni bei ndogo, faida yake haifiki hata nauli ya daladala. Dawa ya chupa ina faida. Mimi nimesomea hii kazi ya duka la dawa muhimu na najua kuharisha maji kwa kawaida hakutibiwi kwa antibayotiki. Ila mwenzangu wa mtaa wa pili atamuuzia, na kesho hatarudi kwangu.

Wenye maduka wenzangu mpo humu, mnajua ninachosema.

Lingine la hatari: vidonge vya kufunga choo vya watu wazima, loperamidi, watu wanavunja robo wanampa mtoto. MSIFANYE HIVYO. Tumbo linaacha kusukuma, maji yanabaki yamekusanyika ndani, nje unaona amepona kumbe anaisha. Kwa mtoto mdogo dawa hiyo haifai kabisa.

Choo chenye damu hicho ni kitu kingine, kinahitaji dawa, lakini ya kuandikiwa hospitali, si ya kukisia kwangu dukani.

---

Bibi Kongwa

Wanangu hamjambo. Nasoma simu ya mjukuu.

Hayo ya kikombe tuliyasikia zamani. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, tukikaa chini ya mti na redio moja kijiji kizima, mwalimu anasoma kitabu, tunajadili, tukitoka hapo jembe mkononi kuchimba choo. Kuhara damu kulikuwa somo zima. Siku hizi mnatumiwa ujumbe kwenye simu mnaufuta.

Lakini mbona mnatusema bibi kama wachawi? Mtoto akiharisha tulimpa uji mwembamba wa uwele wenye chumvi kidogo, tukampa maji ya ubuyu. Togwa pia. Watoto walipona. Mimi nimelea wangu na wa wenzangu. Ziwa hatukuwahi kuachisha, hiyo ya kuachisha imeletwa na ninyi wa mjini mnaokimbilia chupa.

---

Mama Nkuhungu

Shikamoo bibi. Sijawasema bibi wote, na hapo kwenye uji nipo upande wako moja kwa moja. Uji mwembamba wenye chumvi kidogo ni kinywaji kizuri kabisa cha nyumbani. Unga wa nafaka ukishaiva unavunjika tumboni na kuwa sukari taratibu, kwa hiyo kazi ya ile sukari ya kijiko inafanyika. Nyumba ambayo sukari haipo, na zipo nyingi hasa kabla ya mavuno, mimi nasema wazi: pika uji mwembamba wa uwele au mtama, tia chumvi kidogo usikike kwa mbali, mpe mara kwa mara.

Togwa ndiyo nataka watu waisikie. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe waliichunguza miaka ya 1990 na kuona watoto wanaolishwa uji uliochachushwa hawaharishi sana kama wale wa uji wa kawaida. Ule uchachu vijidudu vingi vya kuharisha haviuwezi. Na ukitia kimea, uji mzito unalainika bila kuongeza maji, mtoto anakunywa chakula chenye nguvu badala ya maji meupe. Bibi zetu walikuwa na kitu cha maana, sisi tukakiacha tukaona ni cha kijijini.

Ubuyu una potasiamu, na potasiamu mtoto anaipoteza akiharisha. Hapo sawa. Ila maji ya ubuyu peke yake hayana chumvi ya kutosha, na ule wa kuuza wenye rangi nyekundu na sukari tele hauhusiki hapa. Mpe kama nyongeza, kikombe cha ORS kibaki pale pale.

---

Mkwawa wa Mtandaoni

Majani ya mpera je? Kwetu tunachemsha, mtoto anakunywa, choo kinashika.

---

Muuza Dawa Majengo

Mpera una ukali ule unaokaza, ndiyo maana unaona choo kinashika. Lakini soma kichwa cha uzi. Choo kushika siyo kipimo. Halafu unachemsha majani mangapi kwa mtoto wa miezi minane? Hakuna anayejua, kila nyumba na fungu lake.

---

Nzuguni Visimani

Swali la kweli, sitanii. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Chai tunakunywa tumeshazoea, mgeni akija anatema. Sasa nikichukua lita ya maji haya nikaongeza nusu kijiko cha chumvi, si nazidisha? Na pakiti je? Maana pakiti imetengenezwa na mtu mwenye maji matamu.

---

Mama Nkuhungu

Swali hili linatakiwa kubandikwa ukutani kila zahanati ya Dodoma, maana vitabu vimeandikwa kama vile maji yote ni ya mto.

Fanya hesabu. Nusu kijiko cha chai cha chumvi ni kama gramu 3 hivi kwa lita. Kama kisima chako kina gramu moja ya chumvi kwa lita, na ulimi wa mgeni utaitambua, basi umeongeza theluthi nzima juu ya kipimo. Kwa mtoto ambaye tayari ameishiwa maji, chumvi kuzidi ni hatari zaidi kuliko kupungua. Kwa hiyo: maji ya kunywa ya mtoto mgonjwa tafuta baridi, yaani yasiyo na chumvi. Ya mvua yaliyokingwa safi, ya bomba la mtaa ambao maji yake ni mazuri, au nunua chupa ya lita moja dukani. Ni gharama, najua, lakini unahitaji lita moja tu kwa siku, na chupa inakubakia kuwa kipimo chako.

Ukikosa kabisa, usikoroge chumvi kwa macho. Nenda kwenye uji mwembamba usiotiwa chumvi, maana maji yako yanayo tayari, na ziwa kwa wingi, huku unampeleka mtoto zahanati. Kuchemsha hakuondoi chumvi, tuelewane hapo. Kunaua wadudu tu.

Na kama kuni au mkaa hakuna wa kuchemshia, koroga kwa maji masafi kuliko yote uliyonayo. Usimwache mtoto na kiu ukisubiri moto.

---

Nzuguni Visimani

Asante sana dada. Hii sijawahi kuambiwa popote.

---

Mwana wa Mpwapwa

Mnazunguka tu. Mtoto akiharisha asipone, huyo kabemendwa. Baba katoka nje au wamelala pamoja kabla ya wakati. Na kama siyo hivyo ni meno ya plastiki, yang'olewe apone. ORS za wazungu hazitibu hayo.

---

Kijana wa Bahi

Haya, yamefika 😂

---

Mama Nkuhungu

Usicheke kaka, kwa sababu mtoto anaweza kufa kwa maneno hayo na wanaoyasema hawana nia mbaya.

Kubemenda: nyumba nyingi nimekuta mama anaficha ugonjwa wa mtoto kwa aibu. Akienda kliniki anadhani nesi na majirani watasoma mambo ya chumbani kwake usoni. Siku mbili tatu zinapita mtoto anakauka ndani ya kanga. Mimi sigombani na imani ya mtu mlangoni kwake. Namwambia, sawa, hayo mtayamaliza ninyi na wazee, lakini huyu sasa hivi ana kiu, lete kikombe. Ugomvi hauokoi mtu. Kikombe kinaanza kufanya kazi saa hiyo hiyo.

Meno ya plastiki hapo silainishi lugha. Ufizi wa mtoto una vichwa vya meno ya kawaida yanayokuja, vyeupe, laini. Mtu anaviona anasema ni plastiki, anavichokonoa kwa chuma au kisu kisichochemshwa. Mtoto aliyekuwa anaharisha sasa anavuja damu, kidonda kinaingia uchafu, kunyonya hawezi kwa maumivu. Huyo ambaye alihitaji kunywa kuliko chochote, tumemfunga mdomo. Na meno ya baadaye yanaota vibaya au hayaoti kabisa. Umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kuokota kila kitu chini na kutia mdomoni, basi kuharisha na meno vinakutana njiani.

---

Msomaji wa Maktaba

Kwa ndugu wa Mpwapwa, hilo la "ORS za wazungu" nalijibu kwa historia kidogo. Mwaka 1971 wakati wa vita iliyozaa Bangladesh, wakimbizi walijaa kambi za mpakani India na kipindupindu kikaingia. Katika kambi ya Bangaon alikuwepo daktari Mbengali, Dilip Mahalanabis. Dripu zikamwishia. Akakorogesha chumvi, sukari na magadi kwenye mapipa, akawapa ndugu wa wagonjwa vikombe wawanyweshe wenyewe. Vifo katika kambi ile vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Wataalamu wakubwa wa wakati huo hawakuamini kwamba mama asiye na mafunzo anaweza kufanya kazi ya dripu. Shirika la Afya Duniani likaja kukubali baadaye, na mwaka 2002 mchanganyiko ukapunguzwa chumvi na sukari ukawa huu wa sasa.

Mzungu hapo simwoni. Naona mama na kikombe.

---

Mwana wa Mpwapwa

Nimesoma. Hilo la Bangladesh sikulijua. Kubemenda nabaki na langu.

---

Chang'ombe Mama Pacha

Samahani kurudisha watu nyuma. Nina wawili, miezi saba, walichanjwa matone ya kuzuia kuharisha kliniki. Mmoja ameanza kuharisha jana. Chanjo haikufanya kazi? Na nilipewa vidonge vya zinki, anatema vyote, nikaviacha maana leo choo kimepungua.

---

Muuza Dawa Majengo

Chanjo ile ni ya virusi vya rota, ipo nchini tangu 2013, inatolewa wiki ya 6 na ya 10. Rota ni mojawapo tu ya visababishi vya kuharisha, ingawa ndiyo iliyokuwa ikilaza wadogo wengi. Kwa hiyo anaweza kuharisha kwa sababu nyingine na chanjo ikawa imefanya yake.

Zinki USIACHE. Hapo ndipo wengi wanapotea, choo kikipungua wanahifadhi vidonge kwa mtoto mwingine. Kuanzia miezi sita ni kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, chini ya miezi sita ni nusu, kwa siku 10 hadi 14, hata kama ameshapona. Inafupisha ugonjwa na inampunguzia uwezekano wa kuharisha tena miezi miwili mitatu inayofuata. Haitumiki badala ya ORS, vinakwenda pamoja.

---

Bibi Kongwa

Mwanangu mwenye pacha, kidonge usimpe kikavu. Kamua maziwa yako kwenye kijiko, kiweke humo kiyeyuke, mpe akiwa na njaa kabla hujamweka ziwani. Akitema, mpe nusu saa baadaye kingine. Na huyo wa pili mnawie mikono kwa sabuni ukitoka kumbadilisha mwenzake, la sivyo kesho ni zamu yake.

---

Chang'ombe Mama Pacha

Asante bibi. Na kwa ORS, huyu bado ananyonya sana, nimpe tu au ziwa linatosha?

---

Mama Nkuhungu

Mpe vyote viwili. Mnyonyeshe mara nyingi na kwa muda mrefu kuliko kawaida, na kila akiharisha mpe robo hadi nusu kikombe cha ORS kwa kijiko. Uji wake aendelee nao, na akipona mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili hivi ili arudishe uzito. Kesho asubuhi uniambie amekojoa mara ngapi usiku.